Asemaye Mapema Asiadhibiwe

Hotuba kwa wakulima, wafanyabiashara wa mazao na wanafunzi wa kilimo, Tukuyu, wilayani Rungwe, katika Siku ya Kimataifa ya Afya ya Mimea

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu wa sokoni, maafisa ugani, vijana wa chuo, na ninyi wageni wetu mliovuka mto Songwe alfajiri kutoka Karonga, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa kimataifa wa kulinda mimea dhidi ya wadudu na magonjwa. Mada ina harufu ya Roma na Geneva, na ilipotangazwa niliona baadhi yenu mkianza kutafuta simu mifukoni. Basi Roma tuiache kwanza. Tuanze na ndizi.

Kila mmoja hapa anajua Fuso la ndizi linapokwenda. Nyingi zinashuka Dar es Salaam, pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Nyingine zinateremka Kyela, zinavuka Kasumulu na kuingia Malawi. Vijana wengi wanadhani Wamalawi wananunua ndizi zetu kwa sababu kwao mgomba haustawi. Muulizeni mzee yeyote wa Thyolo au Mulanje. Kule kusini mwa Malawi migomba ilikuwa mingi, na watu walisomesha watoto kwa mikungu kama mnavyosomesha ninyi. Kilichowageuza kuwa wateja wetu ni kirusi kimoja, cha ugonjwa uitwao kwa Kiingereza banana bunchy top, kilichoonekana kwao miaka ya 1990. Kilipata nafasi, kikasambaa, na baada ya miaka ishirini hivi mashamba ya eneo zima yalikuwa yameng'olewa au yamekufa yenyewe.

Naomba niwaonyeshe jinsi ugonjwa huo unavyotambulika, maana wengi mnausikia redioni tu. Chukua jani la mgomba, ligeuze, utazame upande wa chini ukiwa umelielekeza juani. Kwenye mgomba mzima, vishipa vinavyotoka kwenye uti wa jani vimenyooka na rangi yake ni moja. Kwenye mgomba mgonjwa utaona nukta na vistari vya kijani kizito vilivyokatikakatika, na pale vishipa vinapokutana na uti vinajikunja kama ndoana. Shuka kwenye kikonyo, utaziona nukta zile zile. Majani mapya yanatoka mafupi, membamba, yamesimama wima, kingo zake zimepauka, yote yamebanana kileleni. Mgomba ulioshikwa ukiwa mdogo hauzai kabisa. Ulioshikwa ukiwa mkubwa unaweza kutoa mkungu, lakini umedumaa na umepinda, hata mbuzi anautazama mara mbili. Dawa hakuna. Shina moja likishaugua, hesabu kwamba machipukizi yake yote yanao, hata yale yanayoonekana mazima. Hapo ndipo watu wanapoponzeka, kwa sababu chipukizi zuri ndilo tunalompa jirani.

Kinachohamisha kirusi hicho kutoka mgomba hadi mgomba ni kidukari mweusi mdogo anayejificha kwenye maungio ya majani. Kidukari huyu hasafiri mbali. Anayesafiri mbali ni mjomba aliyekwenda msibani ng'ambo, akapenda aina fulani ya ndizi, akafungiwa machipukizi mawili kwenye gunia. Nimefanya kazi ya ukaguzi mpakani kwa miaka mingi, na wala malori hayakunipa shida. Malori yana karatasi, na lori halina aibu. Shida ilikuwa ni mama mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyebeba mche wa mgomba ndani ya kitenge pamoja na unga na dagaa, anampelekea binti yake aliyeolewa upande wa pili. Utamwambia nini? Ukimwambia "Mama, huu mche haupiti," anakuona huna adabu. Nilijifunza kukaa naye chini kwanza, nimuulize habari za mkwe, ndipo tuligeuze jani pamoja.

Kirusi hiki kilijulikana kwanza Fiji, karne ya 19. Mwaka 1913 kikaingia Australia ndani ya machipukizi yaliyoagizwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 wakulima wa ndizi wa New South Wales walikuwa karibu kufunga virago. Kijana mmoja mtaalamu, Charles Magee, ndiye aliyethibitisha kwamba kidukari ndiye mbebaji. Baada ya hapo Waaustralia hawakutafuta dawa ya kupulizia. Waliweka sheria ya miche: hakuna kupanda chipukizi lisilojulikana lilikotoka, kila shamba linakaguliwa, kila shina gonjwa linang'olewa, na jirani anayeficha anashughulikiwa. Ndizi zao zikarudi. Ugonjwa bado upo nchini mwao hadi leo, wameubana kwenye kona moja na hawajauachia.

Huku kwetu Afrika ulianzia mbali. Ulikuwepo Kongo katikati ya karne iliyopita, miaka ya 1980 ukaripotiwa katika bonde la Rusizi, Burundi na Rwanda, na miaka hii ya karibuni umeripotiwa Kigoma. Sasa nyoosheni vidole kwenye ramani: Kigoma upande mmoja, Malawi upande wa pili. Rungwe imekaa wapi? Katikati.

Mnakumbuka Aprili 2025. Nchi yetu ilisimamisha mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa na wao walikuwa wamezuia ya kwetu. Ndizi zetu zilikuwa hazipati ruhusa ya kuingia Afrika Kusini kwa miaka, na Malawi nao walikuwa wamefunga mlango kwa baadhi ya bidhaa. Mazungumzo yakafanyika, milango ikafunguliwa. Nataka tulielewe jambo moja kuhusu siku zile. Zuio la Malawi lilikuwa la kulinda wafanyabiashara wao, na nchi ina haki ya kuligombania hilo mezani. Lakini zuio la soko na zuio la mdudu yakichanganywa, watu huanza kudhani kila anayetaja ugonjwa anatafuta kisingizio. Hapo hata anayesema kweli haaminiki. Shirika la Biashara Duniani lina mkataba wake tangu 1995 unaosema nchi ikimzuia mwenzake kwa sababu za afya ya mimea, ilete sababu za kisayansi. Mkataba mzuri. Tatizo ni kwamba sayansi ina gharama, na siku ya mabishano aliye na maabara huzungumza kwa sauti kubwa zaidi.

Wazee mliokuwa na maghala miaka ya 1980 mnamkumbuka Scania. Vijana wanacheka, wanadhani nazungumzia lori. Scania ni jina walilompa wakulima dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi ya ghalani kuwa unga kabla hujayafikisha mashineni. Alitambuliwa Tabora mwaka 1981, na wakulima walikuwa wameshamlalamikia kwa muda. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huko kuna mdudu mwingine anayemla na maisha yanaendelea. Kwetu alikuja peke yake, adui yake akabaki nyumbani. Mwaka 1983 alikuwa Kenya, mwaka uliofuata Burundi, na wakati huo huo akazuka Togo, upande mwingine kabisa wa bara. Baadaye akavuka hadi Malawi na Zambia. Bibi zetu walikuwa wanahifadhi mahindi na magunzi yake darini juu ya moshi. Desturi hiyo iliuawa na mdudu mwenye urefu wa milimita nne. Leo tunapukuchua, tunachanganya dawa ya unga, tunatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na gharama hiyo yote iko kwenye debe lako la mahindi.

Kisha akaja kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika. Afrika Magharibi walimwona mapema 2016, Zambia walikuwa wanapambana naye mwisho wa mwaka huo huo, na 2017 akawa Rukwa. Nondo wake anaruka usiku na hasubiri muhuri wa Tunduma. Nampita haraka kwa sababu mnamjua kuliko mimi, bado mnampulizia.

Sasa ndiyo turudi Roma.

Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea ulipitishwa mwaka 1951 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lenye makao Roma, na ukafanyiwa marekebisho makubwa 1997. Nchi zaidi ya 180 zimo. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: mwaka 1878 nchi chache za Ulaya zilikutana Bern, Uswisi, kwa sababu ya mdudu aliyetoka Marekani akashambulia mizizi ya mizabibu yao. Ukiusoma mkataba huu utakuta una mambo mengi, lakini kwa mtu wa Tukuyu yaliyo ya maana ni machache. Kila nchi iwe na ofisi moja inayozungumza kwa niaba ya mimea yake. Kwetu ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake Ngaramtoni, Arusha. Kenya ni KEPHIS, na Wazambia wako Mount Makulu, Chilanga. Ofisi hiyo ndiyo inayokagua na kutoa cheti cha afya ya mimea, na cheti hicho ni ahadi ya dola. Bwana shamba aliyekisaini anaiambia China au India: nimeyaona haya maparachichi kwa macho yangu.

Hata mbao zina ahadi yake. Ukienda kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, tazama zile paleti za mbao zilizobebea vigae. Utaona muhuri uliochomwa kwa moto: alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba, na pembeni herufi HT. Maana yake mbao hiyo imepashwa moto mpaka ndani kabisa, kwenye kiini, ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, ili dudu lililojificha ndani life. Mbao isiyo na muhuri huo inaweza kurudishwa ilikotoka pamoja na mzigo wake. Muhuri mdogo, na nadhani ni moja ya kazi nzuri zaidi zilizowahi kufanywa na watu wanaokaa kwenye mikutano.

Halafu kuna kifungu ambacho ndicho kimenileta hapa. Kinazitaka nchi zitoe taarifa: mdudu au ugonjwa ukizuka au ukienea kwako, na unaweza kuwa hatari kwa wengine, sema. Nitakirudia baadaye kidogo. Kwanza niwaonyeshe watu wanaposema na kusikilizana, nini hutokea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vidung'ata wa muhogo waliingia Kongo kutoka Amerika ya Kusini. Mnawajua, wale wadudu wenye unga mweupe wanaokaa kwenye ncha za matawi, shina linakunjamana na majani yanabaki kishada. Walienea nchi kwa nchi, na watu waliotegemea kisamvu na ugali wa muhogo wakabaki bila vyote viwili. Taasisi ya utafiti ya IITA, Ibadan, Nigeria, ikamweka kazini Mswisi mmoja, Hans Herren. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema: huyu mdudu kwao lazima ana adui, tumtafute. Walizunguka Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakakuta kidung'ata anayefanana naye, siye. Mwaka 1981 mwenzao wa kituo cha utafiti cha Colombia, Anthony Bellotti, akampata mwenyewe Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo sana, hafiki hata milimita mbili, anayetaga yai ndani ya kidung'ata ili mwanawe amle mwenyeji wake kuanzia ndani.

Hawakumtia mfukoni wakapanda ndege. Nyigu alipelekwa kwanza karantini Uingereza, akachunguzwa kama hatakuwa balaa jingine, ndipo akafika Ibadan. Wakamzalisha, wakamwachia mashambani, na baadaye wakawa wanammwaga kwa ndege juu ya nchi moja baada ya nyingine. Kidung'ata alipofika Tanzania, nyigu naye aliletwa. Mkulima wa muhogo hakulipa senti, na wengi hawajui hata leo kwamba kuna kiumbe anawafanyia kazi shambani. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Miaka mingi baadaye, 2008, kidung'ata yule yule alizuka Thailand, nchi inayouza muhogo kwa wingi kuliko karibu zote. Thailand waliomba nyigu kutoka kituo cha IITA nchini Benin, wakapewa, nao wakawazalisha kwao. Nafurahi sana kuisimulia sehemu hii, kwa sababu tumezoea hadithi ambazo sisi ndio tunaopewa.

Na nzige wekundu. Hii ni ya nyumbani kabisa, iko nyuma ya mlima. Tofauti na nzige wa jangwani waliotusumbua 2020 na 2021, hawa wekundu wanazaliana kwenye mbuga zinazofurika maji: bonde la Rukwa, Iku kule Katavi, bonde la Malagarasi, mbuga za Wembere, na kwa jirani zetu Mweru wa Ntipa na Kafue nchini Zambia, na maeneo machache ya Malawi na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1930 walitoka Mweru wa Ntipa na Rukwa, wakala karibu Afrika yote iliyo kusini mwa ikweta kwa zaidi ya miaka kumi. Serikali za wakati ule ziligundua jambo ambalo mtu yeyote wa Sumbawanga angeweza kuwaambia: nzige wa Rukwa akiachwa Rukwa, mwenye kulia ni mtu wa Zimbabwe. Ikaundwa huduma ya pamoja, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Baada ya uhuru nchi zetu zikaiendeleza kama shirika la kudhibiti nzige wekundu la Afrika ya Kati na Kusini, makao yake Ndola.

Mwaka 2009 walizuka kwa wingi Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Katavi ni hifadhi ya taifa, ina viboko na twiga. Rukwa ina samaki na wavuvi. Huwezi kumwaga sumu kali hapo ukalala usingizi. Shirika la Ndola pamoja na FAO walinyunyiza ukungu, ndiyo, ukungu wa aina ya Metarhizium, kwenye hekta zipatazo 10,000. Ukungu huo humshika nzige kwenye ngozi, humwingia, na baada ya wiki moja hadi tatu anakufa. Kiboko haumgusi. Mbegu ya ukungu ule ilitoka Niger, utafiti wake ulifanywa na taasisi za nchi kadhaa, ulizalishwa Afrika Kusini, na ukamwokoa mkulima wa mahindi ambaye pengine yuko Malawi na hakusikia lolote, kwa sababu nzige hawakufika. Ndiyo taabu ya kazi hii. Ukiifanya vizuri hakuna cha kupiga picha. Ndiyo maana michango ya nchi wanachama kwa mashirika haya ya nzige imekuwa ikichelewa miaka nenda rudi. Waziri wa fedha anaulizwa: hao nzige wako wapi? Hawapo. Basi fedha zinapelekwa palipo na kelele.

Wale wa jangwani walitufundisha upande wa pili wa somo hilo. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilinyeshea jangwa kubwa la kusini mwa Arabia mahali ambapo hakuna barabara wala watu. Nzige walizaana vizazi vitatu bila mtu kuwaona. Wakatoka wakaingia Yemen, nchi iliyokuwa vitani, ambako kazi ya kuwasaka ilikuwa imelemaa, kisha Somalia na Ethiopia. Mwisho wa 2019 walikuwa Kenya, ambayo haikuwahi kuona kitu kama kile kwa miaka 70. Pale hakuna aliyeficha. Hapakuwa na jicho.

Lakini pengine jicho lipo na mdomo umefungwa, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kwa nini nchi inyamaze? Kwa sababu kusema kunagharimu. Novemba 2022 tulitiliana saini na China kuhusu parachichi. Mikataba ya namna hiyo huja na orodha ya wadudu ambao mnunuzi hawataki kabisa, mashamba yaliyosajiliwa na nyumba za kufungashia zilizosajiliwa. Mdudu mmoja ndani ya kasha moja anaweza kusimamisha wilaya nzima. Mwambie afisa aliyesotea mkataba huo miaka mitatu kwamba umeona dalili mpya kwenye shamba la mtu Busokelo. Hatasema unyamaze. Atasema, "Tuchunguze zaidi." Uchunguzi utachukua msimu mzima.

Uganda walisema. Mwaka 1998 waliona kutu ya shina kwenye ngano iliyotakiwa kuwa sugu, wakatoa sampuli, dunia ikathibitisha kwamba ni kutu mpya inayoweza kuangusha sehemu kubwa ya ngano inayolimwa duniani. Shukrani waliyopata ni ugonjwa kuitwa Ug99, Ug ya Uganda, hadi leo. Sifa kwao vilevile, kwa sababu bila wao Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano, mzee wa miaka 91, asingekuja Nairobi mwaka 2005 kupiga kelele, na Njoro nchini Kenya pasingekuwa mahali ambapo ngano za mataifa mengi hupandwa makusudi kwenye ugonjwa ili zionekane zipi zitasimama.

Kenya nao mwaka 2014 walijifungia wenyewe soko la maembe la Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda. Inzi yule wa Asia aligunduliwa pwani yao na kwetu mwaka 2003, na maembe yalikuwa yanakamatwa yakiwa na funza. Wangeweza kuendelea kubahatisha. Waliacha, wakaenda Makueni wakatega mitego, wakasafisha mashamba, wakafunza wakulima kufukia maembe yaliyoanguka. Ilichukua hadi 2021 kurudi sokoni. Miaka saba ni mingi kwa mkulima mwenye ada za shule. Nani aliwalipa kwa ukweli wao? Hakuna. Ndipo nasema mkataba wetu una kifungu cha kusema, lakini hauna mfuko wa aliyesema.

Na hapa kijijini ni hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Mkulima anamwita bwana shamba: njoo uone mgomba wangu. Bwana shamba anakuja, anaona, anaripoti. Wiki inayofuata wanakuja watu na mapanga, wanafyeka shamba zima, wanafukia, wanamwambia asipande ndizi kwa muda, wanaondoka. Fidia hakuna. Jirani yake amesimama kwenye ua anatazama. Unadhani huyo jirani akiona nukta za kijani kwenye jani lake atampigia nani? Atang'oa shina usiku, atupe bondeni, na machipukizi mazuri atayauza mnadani kabla habari hazijaenea. Msimlaumu haraka. Mimi nikiwa yeye, na watoto wanne wako shule, sijui kama ningepiga simu.

Waaustralia, nawarudia kwa sababu waliumia mapema wakafikiri mapema, tangu 2005 wana makubaliano kati ya serikali na vyama vya wakulima. Ukiripoti ugonjwa mpya na shamba lako likang'olewa kwa mujibu wa mpango uliokubaliwa, unarudishiwa hasara, na gharama zinagawanywa kati ya serikali na sekta ya zao hilo. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walipiga hesabu wakaona mkulima mmoja aliyelipwa mapema ni rahisi kuliko wilaya mia zilizochelewa.

Wataniambia, mzee, wao ni matajiri. Sawa. Lakini kila kilo ya parachichi inayotoka hapa inakatwa ushuru wa halmashauri, na kila lori la ndizi linasimama kwenye kizuizi. Tukitenga sehemu ndogo ya ushuru huo iwe ya migomba na miparachichi itakayong'olewa kwa ajili ya wote, tutakuwa tumeanza. Na kwa ngazi ya juu: Tanzania, Malawi, Zambia na Msumbiji tayari tuna mazoea ya kuchangia shirika la nzige, pamoja na ucheleweshaji wetu. Zambia ndiyo iliyoongoza Umoja wa Mataifa kuitenga Mei 12 kuwa siku hii ya afya ya mimea. Majirani hao wanne wakikaa Tunduma au Kasumulu wanaweza kukubaliana mambo mawili: anayeripoti ugonjwa mpya hafungiwi mpaka wote kwa shamba moja, anafungiwa eneo husika tu, na majirani wanamsaidia kung'oa. Nimewasikia wakubwa wakisema jambo hilo ni gumu kisheria. Mkataba wenyewe unaruhusu nchi kutangaza eneo safi ndani ya nchi yenye ugonjwa. Ugumu uko kwenye kuaminiana, na kuaminiana kunaanzia kwa wakaguzi wawili wanaojuana kwa majina na namba za simu, mmoja Kasumulu mmoja upande wa Songwe wa Malawi. Kwa bahati wapo, na wanapigiana, mara nyingi kwa vocha zao wenyewe.

Mama zangu wa sokoni, ndizi iliyokomaa iuzeni mnapotaka kwa utaratibu uliopo. Mche usiuvushe. Binti akitaka aina ya nyumbani, aulize miche iliyokuzwa maabara, ambayo imepimwa, na kama ni ghali basi wachangiane majirani wanunue pamoja. Vijana wa chuo, jifunzeni kutambua kidukari kabla ya kujifunza kuandika ripoti.

Na wewe mkulima ukiona jani lenye nukta na ndoana nilizoeleza, usiling'oe, usilikate, wala usilibebe kwenda nalo sokoni kuuliza watu, maana vidukari watadondoka njiani. Liache limesimama. Piga picha upande wa chini ukiwa umelielekeza juani, piga na ya kilele, mtumie afisa ugani wa kata, kisha funga ng'ombe, na uwakataze watoto wasipite hapo. Nawe usichukue chipukizi lolote kwenye shina hilo wala majirani zake mpaka mtu aje. Asipokuja kwa siku tatu, nenda kwa diwani, keti barazani kwake, na umwambie utaondoka atakapompigia afisa ugani.